Moto Uliovutwa kwa Kamba

Daniel, mwanangu, msamaha sikuombi. Ulisimama mbele ya jiko la kuchomea nyama pale ufukweni Rågsved, hapa Sweden, makaa yamegoma kushika, ukachukua galoni la petroli ya mashine ya kukatia majani, ukafungua kifuniko umimine. Nikapiga kelele mpaka Wasweden waliokuwa wakiogelea wakageuka. Wenzako wakacheka, wewe ukanuna, ukaniambia, "Men tonton, lugna dig, ni kidogo tu!" Yaani mjomba, tulia. Nimejaribu kutulia tangu siku hiyo na nimeshindwa, ndiyo maana naandika haya, kwako na kwa wenzako wote wa kwaya ya vijana mnaonijua kama mzee aliyestaafu kusafisha ofisi kule Kista. Kabla ya Kista nilikuwa na kazi nyingine. Nilikuwa mtu wa pampu katika meli ya mafuta, Ziwa Tanganyika, miaka ile ya vita vyetu.

Sasa sikiliza. Petroli, ambayo sisi Wakongomani tuliita esansi, yenyewe haiungui. Kinachoungua ni pumzi yake. Pumzi hiyo haionekani, nayo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inatambaa chini chini kutafuta moto, na ikiupata inarudi nao nyumbani. Ukimimina kwenye makaa, moto hausubiri umalize. Unapanda mkondo ule ule hadi kwenye galoni, na galoni liko mkononi mwako.

Jambo la pili, ambalo watu wengi wazima hawalijui: tangi la kuogopa si lililojaa. Lililojaa halina nafasi ya pumzi. Linaloua ni tupu, lile ambalo mjinga analigonga akisema humu hamna kitu. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. La kwetu lingevuma mara moja tu, na hapo hakuna wa kusimulia.

Haya nilifundishwa na nahodha wetu, Mzee Kalonda, mtu wa Kalemie, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi wa nyavu. Yeye mwenyewe alianzia kwenye pampu, kwa hiyo hukuweza kumdanganya. Siku niliyoanza kazi nilivaa buti mpya za ngozi zenye vyuma kisiginoni. Nilizipenda mno, niliona zinamfaa mtu aliyepata ajira. Nilipokanyaga sitaha zikalia ko, ko, ko. Mzee Kalonda akatoka kwenye chumba cha usukani, akaniomba nizivue azitazame vizuri. Nikavua, tena kwa majivuno. Akazipokea kwa heshima, moja mkono huu, nyingine mkono ule, akazitupa ziwani.

"Sasa karibu kazini," akasema.

Chuma kikigonga chuma hutoa cheche, na cheche moja inatosha. Kwenye meli ile kila mtu alitembea miguu mitupu, hata nahodha, hata mgeni mwenye suti. Nyundo zetu na spana zetu zilikuwa za shaba, isiyotoa cheche. Miaka mingi baadaye, nilipofika Sweden na wenyeji wakaniomba nivue viatu mlangoni, wenzangu walilalamika kwamba wanadhalilishwa, soksi zimetoboka. Mimi nilivua bila neno. Nilikuwa nimekwisha kuvuliwa viatu na bwana mkubwa zaidi ya hao.

Meli za mafuta za siku hizi hupulizia ndani ya matangi gesi isiyokubali moto, na zina vyombo vinavyolia pumzi ikizidi. Sisi tulikuwa na maji ya ziwa na pua zetu. Maji ukiyajaza tangini yanaisukuma pumzi yote nje, hilo halijabadilika. Pua ndiyo rafiki wa uongo. Ukinusa sana inachoka, inaacha kukuambia, na wewe unadhani hatari imekwisha. Mzee Kalonda alitukataza kabisa kusema "sisikii harufu" kama sababu ya kufanya jambo lolote.

Mtauliza tulipika wapi. Hilo ndilo swali analoniuliza kila mtu mwenye akili. Ndani ya meli hapakuwaka hata kiberiti, lakini binadamu haishi kwa ndizi mbivu. Kwa hiyo jiko letu lilikuwa kwenye mtumbwi, na mtumbwi tuliuvuta nyuma kwa kamba ndefu, ndefu kiasi kwamba ukimwita mpishi ilibidi ukinge mikono mdomoni. Mpishi alikuwa Sefu, mtu wa Kigoma, Mwislamu mcheshi aliyesema yeye ndiye mwenye hoteli pekee duniani inayowakimbiza wateja wake bila kuwafikia. Alikaa kule na mbabula yake, yaani jiko la makaa, akasonga ugali mawimbi yakimpandisha na kumshusha. Chakula kikiiva alizima moto, tukauvuta mtumbwi, sufuria ikapanda kwa kamba. Sijawahi kula ugali wa namna ile tena, na mke wangu nimekwisha kumwomba radhi kwa kusema hivyo.

Kulikuwa na sheria moja ya mtumbwi ule. Meli ikienda, upepo huipiga usoni, kwa hiyo moshi wa Sefu ulibaki nyuma. Lakini upepo mkali ukitokea nyuma unaleta cheche melini. Upepo ukigeuka, Sefu alizima papo hapo, hata kama maharage yamebakiza kidogo. Asipozima, aliyeko nyuma ya meli anakata kamba. Aliyeko nyuma ya meli alikuwa mimi. Kisu nilikifunga kiunoni.

Kuhusu vita vyenyewe sitasema mengi, wazazi wenu wanavijua. Wakati wa vita kila mtu anataka mafuta, na anayekuletea unamshuku kwamba jana alimpelekea adui. Mara nyingi alikuwa amempelekea. Hilo lilitukera mioyoni, na Mzee Kalonda alizoea kutukumbusha kwamba taa za hospitali na mashine za unga nazo zilikunywa dizeli yetu. Askari walipanda melini kila bandari. Kamanda mmoja alipanda na sigara mdomoni, buti miguuni, na walinzi nyuma yake, akaanza kutembea juu ya matangi akitoa amri. Nani atamwambia mtu kama huyo azime? Mzee Kalonda hakumwambia kitu. Alimsalimia vizuri, akavua kofia, akaanza kushuka kwenye ngazi ya kamba kwenda mtumbwini.

"We mzee, unaenda wapi?" kamanda akauliza.

"Naenda kukungojea kule mbali, afande. Ukimaliza sigara, na kama meli bado ipo, utaniita tuongee."

Kamanda akatazama chini, akatazama mfuniko wa tangi aliokuwa ameukanyaga. Sigara ikaruka ziwani. Baadaye alivua na buti bila kuombwa.

Sasa niwaeleze siku yenyewe.

Tulikuwa bandari moja ndogo ya Fizi, upande wetu wa ziwa, asubuhi. Tumemaliza kuteremsha esansi, matangi matupu, yaani meli iko katika hali yake mbaya kuliko zote. Tukaanza kusikia milio ya bunduki milimani. Kisha watu wakaanza kuteremka. Kwanza wachache, wenye mbuzi, kana kwamba wanaenda sokoni. Halafu njia nzima ikajaa: godoro, baiskeli, watoto mgongoni, wazee wakishikwa mikono. Mitumbwi yote ya pale ilikuwa imekwisha kuondoka. Chombo kilichobaki kilikuwa chetu, na ng'ambo ya ziwa kulikuwa na Kigoma na amani.

"Kampuni imesema abiria marufuku," nikamkumbusha nahodha.

"Kampuni iko wapi? Nionyeshe, tuongee nayo."

"Na pumzi ya tangini?"

Hapo aligeuka akayatazama matangi. Alijua kuliko mimi. Ukiwapandisha watu wote wale juu ya matangi yaliyojaa pumzi, na mmoja tu ana kiberiti, au sufuria moja ikaanguka vibaya, bunduki hazitahitajika. Akaniambia nijaze maji matangi ya mbele, watu wakae juu ya hayo tu. Ya nyuma tuyafunge kabisa, tuyaache hivyo hivyo. Yote hatukuweza kuyajaza, kwa sababu maji ni mazito kuliko esansi na meli ingezama. Na kila tangi ni mpaka juu au usiliguse. Maji ya nusu tangi hukimbia huku na huku, na meli hupinduka.

Nikawasha pampu. Vijana wangu, pampu ile ilikuwa imezeeka. Ilivuta maji kama bibi anayekunywa chai ya moto. Watu wamesimama mwanzoni mwa gati, tumewazuia kwa kamba kwa sababu pumzi inatoka, bunduki zinasogea, na wao wanaona nini? Wanaona meli tupu, na mtu mmoja anaijazia maji, na meli inashuka, inashuka.

"Juu ya nini munajaza maji mu meli?" akadai sababu kwa sauti baba mmoja mwenye godoro kichwani. "Munataka kutuzamisha?"

"Papa, ngojeni kidogo!"

"Tungoje nini? Baaskari banatungoja siye?"

Mama mmoja akaanza kunilaani kwa ukoo wangu wote. Sikumkasirikia. Ningekuwa mimi upande ule, ningelaani zaidi. Kumweleza mtu anayekimbia risasi habari za pumzi ya esansi ni sawa na kumhubiria mwenye njaa. Nilitaka kulia. Niliendelea kushika bomba na kutazama maji yakipanda, maana hapakuwa na namna ya kuyaharakisha.

Maji yalipofika juu na kumwagika sitahani, nikainua mkono. Tukaanza kuwapandisha, mmoja mmoja, kwa upekuzi. Viberiti ziwani. Sigara ziwani. Sufuria zifungwe ndani ya vitenge zisigongane. Viatu vyote vibaki gatini. Watu walilia kwa viatu vyao, na nilikumbuka buti zangu.

Ndipo akaja mama mmoja amebeba chungu cha udongo kichwani, watoto wamemshika nguo. Binti yake mkubwa aliitwa Faida, kwa hiyo naye alikuwa Mama Faida.

"Ndani kuna nini, mama?"

"Majivu."

Niliweka kiganja ubavuni mwa chungu nikakiondoa haraka. "Mama, humu kuna moto!"

"Ni moto ya bwana yangu," akasema.

Mumewe alikuwa amefariki siku chache tu kabla. Kwao, mtu akifa huwashwa moto uani, waombolezaji wanalala wakiuzunguka, na moto ule hauzimwi mpaka kilio kimalizwe. Mkubwa wa jamaa ndiye anayeumaliza. Anasimama, anamwita marehemu kwa jina, anamuaga, kisha anauzima. Ukizimika ovyo, marehemu ameondoka bila kuagwa, na aliye hivyo hatulii, wala wake hawatulii. Vita vilikuwa vimewakuta katikati ya kilio. Watu wengine walichukua nguo na unga. Yeye alichota makaa ya moto wa mumewe, akayafunika majivu, akayabeba kichwani akateremka mlima.

Najua baadhi yenu mtatabasamu. Daniel, hata kanisani kwetu kuna watakaoita hayo mambo ya giza. Mimi nilimwona uso. Ungemwona, usingetabasamu.

Nikamwambia ukweli, kwamba moto haupandi. Hakubisha. Aliwasukuma watoto wake kwangu mmoja mmoja, hata yule mdogo.

"Chukueni batoto. Miye nitabaki na moto."

Watoto wakapiga mayowe. Watu nyuma yake wakapiga mayowe zaidi, wanataka nafasi. Mzee Kalonda akashuka kuja kuona kelele ni za nini, nikamweleza. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa.

"Meli yangu haibebi moto," akamwambia yule mama. "Lakini jikoni kwangu kuna moto kila siku. Utaenda jikoni?"

Hivyo ndivyo Mama Faida alivyopanda mtumbwini kwa Sefu na chungu chake mapajani, watoto wake wakapanda melini. Sefu alimsogezea mahali pakavu, akamwambia, "Pole na msiba, mama. Karibu, hapa kwangu kuna maharage, hakuna makuu." Tukaitoa kamba yote, tukaondoka. Askari walifika gatini tukiwa tayari mbali, na walichokuta ni viatu.

Mwendo wetu ulikuwa wa kobe. Watu walikaa mbele, wameloa, wamebanana, wameanza hata kutaniana. Yule baba wa godoro alikuja kuniomba radhi, nikamwambia arudi mbele haraka, nyuma hapakaliki. Tulipokuwa katikati ya ziwa, upepo wa mvua ukatugeukia kutoka nyuma.

Nilimwona Sefu akimwagia maji mbabula yake mara moja, mvuke mweupe ukapanda. Kisha nikamwona anamwinamia yule mama, wanaongea, anainua mikono juu kunionyesha kwamba ameshindwa. Upepo ulikuwa unapeperusha majivu ya kile chungu, na makaa yaliyolala yakaamka. Cheche moja ikapita juu ya kichwa cha Sefu, ikaanguka majini karibu na meli. Nyingine ikafuata, karibu zaidi. Chini ya miguu yangu kulikuwa na matangi ya nyuma, yale tuliyoyaacha matupu.

Watu wakaelewa kwa nini nimesimama na kisu. "Kata kamba!" mmoja akasema, wengine wakadakia, "Kata! Tutakufa wote juu ya mutu moja?" Si watu wabaya. Walikuwa na watoto, kama yeye. Nikaweka kisu kwenye kamba. Ukikata kamba katika mawimbi yale, mtumbwi haufiki popote. Binti yule, Faida, alikuwa amepenya mpaka nyuma, amesimama karibu yangu, anautazama mkono wangu. Daniel, nimefanya kazi nyingi katika maisha yangu. Hakuna iliyokuwa nzito kama kushikilia kisu kile bila kukivuta.

Mzee Kalonda akaja, akanishika kifundo cha mkono. Akakinga mikono mdomoni.

"Mama Faida! Zima!"

"Siwezi!" Sauti yake ilikuja kwa vipande na upepo. "Mujane hazimake! Anazima mukubwa wa jamaa!"

"Mukubwa wa jamaa iko wapi?"

"Alibaki! Sijue kama iko muzima!"

Cheche ikaanguka kwenye ukingo wa meli, mbele yangu. Niliikanyaga kwa kisigino, kovu ninalo mpaka leo. Mzee Kalonda hakuitazama.

"Bwana yako aliitwa nani?"

"Mulondani!"

Basi mzee yule akavua kofia yake. Akasimama wima kwenye ukingo wa nyuma, miguu mitupu, na akaanza kuongea kwa sauti kubwa, si na Mama Faida tena.

"Mulondani! Miye ni Kalonda wa Kalemie. Hatujuani. Leo miye njo mukubwa wako, sababu wengine hawako. Bibi yako niko naye. Batoto wako niko nao, hawa hapa. Kilio chako tumemaliza. Moto yako tunazima. Enda muzuri, ndugu yangu. Usituchukie."

Waliokuwa wakipiga kelele za kukata kamba walinyamaza. Mama mmoja mbele akaitikia, kama wanavyoitikia kwao, na wengine wakamfuata. Kule mtumbwini Mama Faida alikiinua chungu, akakiweka shavuni kwake kwanza, moto wote ule, kisha akakiinamisha ziwani.

Milimani, siku zote zile za msiba, watoto walikuwa wamezibwa midomo wasimlilie baba yao, ili askari wasisikie. Mama Faida alinieleza hilo baadaye, lakini nililihisi hapo hapo, Faida alipoanza kulia. Alilia kwa sauti yote aliyokuwa nayo, akimwita baba yake, na wadogo zake wakajibu kutoka mbele, na meli nzima ikalia nao hadi tukaiona Kigoma, na Mzee Kalonda hakumwambia mtu yeyote anyamaze.